Marufuku Haifundishi Kuogelea

Mjukuu wangu alikuja kunisalimu mwezi wa Desemba akiwa na simu iliyojaa picha za vyombo. Alikuwa amepata kazi yake ya kwanza ya mshahara mjini Nairobi na, kama vijana wengi, alikwisha kuzipangia matumizi pesa ambazo hazijafika mfukoni. "Shikamoo, babu," akasema, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba akaniwekea ile simu mbele ya miwani. "Nataka kayaki ya kuvulia besi. Hii ina pedali, hii ina kiti kama cha ofisini, na hii ina kioo cha kuonyesha samaki walipo. Ninunue ipi?"

Nikamwambia alale chali sakafuni, anyooshe mikono.

Alicheka akidhani uzee umenizidi. Lakini alilala, maana ni mtoto aliyefunzwa adabu, nami nikachukua futi ya bibi yake ya kushonea nikampima urefu, upana wa nyonga, na urefu wa mkono. Kisha nikamwuliza uzito wake. Kisha nikamwuliza swali lililomfanya aache kucheka: "Mara ya mwisho ulipozama kichwa chote majini ilikuwa lini?" Akafikiri. Akasema hajawahi.

Basi, ndugu msomaji, insha hii ni jawabu nililompa, nimeliandika ili lisipotee. Ni insha ya ugomvi. Nina ugomvi na makundi matatu ya watu: wanaosema kwamba kayaki ni mchezo wa wageni usiotuhusu; wanaodhani kwamba uvuvi ni kununua vifaa; na wanaodhani kwamba usalama majini huletwa na tangazo la kukataza. Kundi la kwanza nitalijibu kwa maneno machache. La pili nitalijibu kwa hesabu. La tatu nitalijibu kwa aibu, kwa sababu nilikuwa mmoja wao, tena mkubwa wao, kwa miaka mingi.

Nianze na hao wa kwanza. Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu kama mimi, aliposikia habari ya mjukuu aliniambia, "Mwafrika na kayaki wapi na wapi?" Namheshimu, lakini hapo alisema kama mtu asiyetoka nje ya ua wake. Kayaki ilibuniwa na watu wa nchi za barafu, Wainuti na jamaa zao, ambao hawakuwa na miti ya kutosha. Waliunga fremu kwa magogo yaliyoletwa na mawimbi, au kwa mifupa ya nyangumi, wakaivika ngozi ya sili iliyoshonwa isipitishe maji. Hawakuiunda kwa ajili ya mchezo, bali kwa ajili ya kitoweo. Na jambo ninalolipenda zaidi ni kwamba hawakupima kayaki kwa futi wala kwa mita. Walipima kwa mwili wa mwenyewe: urefu wake ukawa kama mara tatu ya mikono iliyonyooshwa, na nafasi ya kukaa ikawa nyonga zake na ngumi mbili. Chombo kilikuwa kama vazi, na huwezi kuvaa la jirani.

Mimi nilizaliwa Vanga, pwani ya kusini ya Kenya, mwaka 1950. Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa mtumbwi, na sikumwona hata siku moja akimkabidhi mtu mtumbwi bila kumtazama kwanza kuanzia utosini hadi unyayoni. Mtu mrefu hakumpa mtumbwi mwembamba. Mtu mzito hakumpa mtumbwi mfupi. Alikuwa hajapata kusikia habari za Wainuti, nao hawakupata kusikia habari za Vanga, lakini maji yaliwafundisha somo moja. Je, hapo mgeni ni nani?

Na huyo besi je? Naye ni mgeni. Aliletwa kutoka Marekani na kutiwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1929. Perege wa ziwa lile nao waliletwa, wengine mwaka 1925 na wengine mwaka 1956. Kamba wekundu wa Louisiana waliingizwa mwaka 1970, na leo besi hao hao wanawala. Samaki mdogo wa asili ya ziwa alikwisha kutoweka tangu miaka ya sitini. Kwa hiyo mtu anayekula samaki wa Naivasha kwa ugali, akalamba vidole, kisha akasema kayaki ni ya wageni, namwomba kwanza amwulize samaki aliyemo sahanini alikotoka.

Sasa hao wa pili, waabudu vifaa. Hawa ndio waliomjaza mjukuu wangu zile picha. Wao husema: huwezi kumvua besi bila chombo cha pedali, bila kifaa cha mwangwi cha kutafutia samaki, bila fito sita na sanduku la chambo bandia la kila rangi. Huko Marekani kayaki ya uvuvi iliyokamilika hivyo hupita dola 3,000, na kuisafirisha hadi kwetu ni gharama nyingine.

Nawajibu kwa kisa kimoja kinachojulikana sana na wavuvi wa besi. Tarehe 2 Juni 1932, kijana mkulima wa jimbo la Georgia, George Perry, alikwenda kuvua na rafiki yake katika Montgomery Lake, maji yaliyotulia pembeni ya Mto Ocmulgee. Ulikuwa wakati wa dhiki kuu ya uchumi. Walikwenda kwa boti ndogo iliyoundwa nyumbani, na inasimuliwa kwamba walikuwa na ufito mmoja na chambo bandia kimoja, wakipokezana. Siku hiyo Perry alimpandisha besi wa ratili 22 na aunsi 4, yaani kilo 10 na gramu kama 90. Alimpima, akampeleka nyumbani, familia ikamla. Hadi leo hakuna aliyeipita rekodi hiyo. Mjapani Manabu Kurita aliifikia mwaka 2009 katika Ziwa Biwa, lakini hakuiacha nyuma. Takribani karne nzima ya mashine na vioo vya mwangwi, na samaki wa boti ya kuundwa nyumbani angali yuko kileleni!

Sisemi vifaa ni haramu. Nasema vina mahali pake, na mahali pake ni mwisho. Chombo huchaguliwa kwa mambo matatu, kwa utaratibu huu: maji, mwili, mzigo.

Maji kwanza. Besi si samaki wa kufukuza mawindo mbali. Huvizia. Hukaa kandokando ya majani, chini ya gogo, penye kivuli, na chochote kikipita hukimeza kwa lile domo kubwa. Katika majira ya kuzaa, dume huchimba kiota mahali pasipo na kina na kukilinda. Kwa hiyo samaki huyu yuko karibu na ukingo, mahali ambapo boti ya mashine hupiga kelele na kunasa majani kwenye rafadha. Hapo ndipo chombo chepesi kisicho na sauti kinapofaa. Lakini chombo cha kuvulia karibu na ukingo si lazima kiwe cha mbio. Kayaki nyembamba ndefu huenda kasi na moja kwa moja. Fupi pana hugeuka upesi na haiyumbi. Mvuvi wa besi anahitaji ya pili: urefu wa mita 3 hadi 3.7, na upana wa sentimita 80 hadi 90. Akitaka kusimama anapovua, asikubali nyembamba kuliko hiyo.

Ziko kayaki za kuingia ndani, miguu ikafichwa, na ziko za kukaa juu. Ya kuingia ndani inafaa nchi za baridi, lakini ikipinduka hujaa maji, na anayeanza hawezi kuifua akiwa ndani ya maji hayo hayo. Ya kukaa juu imefungwa pande zote kama boya, na ina matundu yanayopita hadi chini kwa ajili ya kutoa maji yenyewe. Ikipinduka, unaigeuza na kupanda tena. Kwa mvuvi mgeni wa maji, mimi sioni hoja ya kuchagua nyingine.

Mwili na mzigo huenda pamoja, na hapa ndipo wauzaji hunyamaza. Kila kayaki huandikwa uzito wa juu inaoweza kuubeba. Mnunuzi huona kilo 160, anajijua ana kilo 82, anafurahi. Lakini uzito ulioandikwa ni ule ambao chombo bado kinaelea, wala si ule ambao chombo bado kinatii. Mazoea mema ni kutozidi theluthi mbili. Theluthi mbili za 160 ni 107 hivi. Mjukuu wangu ni kilo 82. Jaketi, kafi, nanga, maji ya kunywa, sanduku na samaki vikifika kilo 20, jumla ni 102. Inatosha, kwa shida. Akiongeza betri na pedali, haitoshi. Nilimfanyisha hesabu hiyo kwa kalamu na karatasi, naye akafuta picha nne katika simu yake bila mimi kusema neno.

Tena apime uzito wa kayaki yenyewe. Zile zenye mapambo hupita kilo 40. Nani atakayeibeba kutoka garini hadi majini, na nani atakayeirudisha jioni, mikono imechoka? Chombo kisichobebeka huishia kuwa kitanda cha kuku.

Kisha kafi. La kayaki lina bapa pande zote mbili, na kwa chombo kipana, ambapo mtu hukaa juu, kafi fupi humpigisha magoti. Kwa mtu wa kimo cha wastani sentimita 240 zinafaa, na mrefu aongeze kidogo. Nilimwambia mjukuu apunguze pesa ya kiti aziongeze kwenye kafi, kwa kuwa kiti hukaliwa tu, bali kafi huinuliwa mara maelfu kabla ya adhuhuri. Mafundi wa Vanga walijua hilo. Mjomba alichonga kafi lake mwenyewe na hakumwazima mtu.

Nanga iwe ndogo, kilo moja na nusu yatosha mahali pasipo na kina. Lakini kamba yake isifungwe ubavuni kamwe. Chombo kilichofungwa ubavuni hupokea upepo na wimbi kwa upande, kikainama, kikajaa, kikapinduka. Ifungwe omo au tezi, kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, na kisu kiwe karibu, kwenye jaketi, si ndani ya sanduku. Fito mbili zatosha, zikae nyuma ya kiti zisimnase mtu anapotaka kutoka. Kila kamba inayoning'inia ni mtego wa mguu.

Hayo ndiyo yote. Hakuna kioo cha mwangwi. Akitaka kumjua samaki alipo, atazame majani, atazame kivuli, atazame ndege, na akae kimya.

Sasa nimefika kwa kundi la tatu, na hapa kalamu inakuwa nzito.

Nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu ambacho sitakitaja, katika nyanda za juu, si mbali sana na ziwa. Mwaka 1988 wanachuo wetu wanne walikwenda ziwani Jumamosi moja, wakaazima mtumbwi wa mvuvi, wakapinduka. Wavuvi wakawatoa wote wanne wakiwa hai. Jumatatu niliita mkutano. Niliwasema kwa muda wa saa nzima. Kisha nikaandika tangazo kwa mkono wangu mwenyewe, likapigwa chapa, likabandikwa ubaoni: ni marufuku kwa mwanachuo yeyote kukaribia ziwa, na atakayekiuka atafukuzwa. Nikatia sahihi na muhuri.

Nilijivunia tangazo lile. Lilipochakaa nililibadilisha. Kivuko cha Mtongwe kilipozama Mombasa mwaka 1994 na kuua zaidi ya watu 250 karibu na ufuo, kwetu kule pwani, nililisoma tangazo langu tena mbele ya wanachuo kwa sauti ya mtu aliyeona mbali. Lilikaa ubaoni hadi nilipostaafu mwaka 2005. Miaka kumi na saba. Katika miaka hiyo hakuna mwanachuo aliyekufa maji, nami nilihesabu hayo kuwa mafanikio yangu.

Mimi, mtoto wa Vanga, niliyetupwa majini na mjomba nikiwa na miaka mitano, akanishika tumbo kwa kiganja hadi nikaelea! Nilijua kitu ambacho walimu wangu wengine hawakukijua, na wanachuo walikihitaji. Nilikifungia kabatini, nikabandika karatasi.

Mwaka wa tatu tangu nistaafu, mmoja wa vijana waliopita mikononi mwangu, mwalimu mwenye watoto wawili, alikuwa akifundisha katika shule iliyo jirani na ziwa. Jumapili moja alikwenda kuvua kwa mtumbwi wa kuazima. Upepo wa alasiri ulipovuma, kama unavyovuma huko, mtumbwi ukapinduka. Waliokuwa ukingoni walisema haikuzidi hatua sabini kufika kwenye mafunjo. Jaketi la kuokolea maisha lilikuwamo. Lilikuwa limekunjwa, naye alilikalia, kwa sababu ubao ulikuwa mgumu.

Nilikwenda matangani. Mjane wake hakunilaumu. Aliniuliza tu, kwa upole, kama mtu anayeuliza njia: "Mwalimu, kule chuoni hamkuwafundisha maji?" Nikasema, "Hapana, mama. Tuliwakataza." Akaitikia kwa kichwa. Sijapata kupewa daraja la chini kuliko lile.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mimi nilichelea wanachuo wasilie mbele yangu. Wakalia mbali, mahali ambapo muhuri wangu haukufika. Marufuku ilihifadhi jina langu. Haikumhifadhi yule kijana. Mtu uliyemkataza maji akiwa na miaka ishirini hamalizi maisha yake bila kukutana na maji. Atavuka mto, atapanda kivuko, atakwenda ziwani siku ya mapumziko, na siku hiyo hatakuwa na tangazo bali mwili wake tu na yale ambayo mwili umefundishwa.

Najua nitakavyojibiwa, maana majibu hayo niliyatoa mimi mwenyewe.

Watasema: ziwa lina viboko. Ni kweli, na kiboko si wa kufanyiwa mzaha. Katika Naivasha hakuna anayepaswa kuingia na kayaki peke yake, wala alfajiri, wala magharibi, wala kujipenyeza kwenye mafunjo asiyoyajua. Aende na mvuvi wa pale, mwenye kujua leo viboko wamelala wapi, na arudi kabla ya upepo wa alasiri. Apate na leseni yake ya uvuvi. Lakini je, hayo si mafunzo? Aliyekatazwa tu hajui saa ya kiboko wala saa ya upepo. Yule kijana wangu alitoka saa nane mchana. Hakuna aliyemwambia.

Watasema: jaketi ni ghali. Jaketi ni rahisi kuliko kiti cha kayaki, rahisi kuliko ufito mzuri mmoja. Takwimu za Walinzi wa Pwani wa Marekani, nchi yenye kila aina ya chombo na kila aina ya kifaa, zinaonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba kiasi cha robo tatu ya wanaokufa katika ajali za vyombo hufa kwa kuzama, na kati ya hao waliozama zaidi ya wanane kwa kila kumi hawakuvaa jaketi. Hao si maskini waliokosa pesa. Wengi wao walikuwa nalo chomboni. Walilikalia.

Watasema: ajuaye kuogelea hujiamini kupita kiasi, naye huzama. Hutokea. Lakini mbona hatukufunga shule ili watu wasije wakajiamini kwa kusoma?

Na watasema: mtaala umejaa. Hili lanichekesha, kwa kuwa nimeketi katika vikao vingi vya mtaala. Tulipata nafasi ya kumfundisha mwalimu kuandika ubaoni kwa mwandiko wa mlalo, na nafasi ya kumfundisha kupanga viti. Nchi yenye bahari upande mmoja na ziwa kubwa kuliko yote Afrika upande wa pili haikosi saa kumi za kumfundisha mwalimu kuelea, kuvaa jaketi, na kumrushia mwenzake kamba bila kuingia mwenyewe.

Basi nilimfanyia mjukuu kile ambacho sikuwafanyia wanachuo. Nilimwambia, "Utanunua jaketi kwanza. Kayaki utanunua utakapojua kuanguka." Alinuna siku mbili. Siku ya tatu alirudi na jaketi la rangi ya chungwa, lenye mgongo wa juu ili lisigombane na kiti, na filimbi imefungwa begani. Nikamvalisha, nikamshika jaketi mabegani nikamvuta juu kwa nguvu. Jaketi linalopanda hadi masikioni ni kubwa. Litamwacha mwenyewe majini likaelea peke yake. Lake halikupanda.

Jirani yetu ana lambo la kunyweshea ng'ombe, lenye besi wachache. Tuliazima kayaki kuukuu ya kukaa juu kutoka kwa mtu anayefuga samaki. Wiki mbili za kwanza hatukutia ndoana majini. Alijifunza kuelea, kisha kuogelea hatua ishirini, kisha thelathini. Ndipo nikamwambia aende katikati, pale maji yanapomfika kidevuni, ajipindue kwa makusudi.

Mara ya kwanza alitoka anakohoa, kafi limekwenda zake, kofia imekwenda zake. Alijaribu kupanda kwa goti, kayaki ikamgeukia tena. Nilisimama ukingoni kwa mkongojo wangu na kumwelekeza kama nilivyoelekezwa mimi: igeuze kwanza, njoo katikati ya ubavu wake, usining'inie, piga miguu hadi mwili ulale juu ya maji, jivute kwa tumbo hadi kitovu kivuke, kisha geuka ukae, miguu iwe ya mwisho. Mara ya pili alishindwa. Mara ya tatu alishindwa, akanitazama kwa macho ambayo wanachuo hunitazama ninapowarudishia karatasi. Mara ya nne alipanda. Nikamwambia aanguke tena. Mara ya sita alipanda akiwa na kafi mkononi, akakaa, akacheka peke yake katikati ya lambo.

Nami ukingoni sikucheka. Nilihesabu kimoyomoyo. Tangu alipoanguka hadi alipoketi haikupita dakika moja. Dakika moja tu ya ujuzi! Ningeweza kuwapa wanachuo mia mbili kila mwaka dakika hiyo, kwa miaka kumi na saba.

Alinunua kayaki mwezi wa Machi. Imetumika, urefu mita 3.2, haina pedali, haina kioo. Rangi yake imechujuka na jua. Besi wake wa kwanza hakuzidi gramu 600. Alimleta nyumbani kwa mbwembwe za mtu aliyemshinda Perry, bibi yake akamkaanga, tukala watatu. Kabla ya kula nilimwuliza, "Ulivaa?" Akanionyesha alama ya mkanda wa jaketi shingoni, pale jua lilipomchoma pembeni yake.

Mwaka huu nimekiandikia barua kile chuo. Sikuomba shukrani wala sherehe. Nimeomba ruhusa ya kuja mara moja kwa muhula, kwa gharama yangu, na jaketi kumi nilizozinunua kwa kiinua mgongo kilichobaki, kuwafundisha wanachuo kuanguka. Nimesema pia kwamba kama lile tangazo, au mjukuu wake, bado liko ubaoni, naomba nilibandue kwa mkono ule ule ulioliandika.

Hata uende tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mimi nimezunguka madarasani na vikaoni zaidi ya miaka thelathini, na marejeo yangu ni kule kiganja cha mjomba kilikonishika tumbo. Mwalimu mwenzangu unayesoma haya, huenda na wewe una karatasi ya marufuku mezani, inangoja sahihi yako. Kabla hujatia muhuri, jiulize unamlinda nani. Ukiona unajilinda wewe, weka kalamu chini, uwapeleke majini.